Chipsi samaki ya Mbeya kwa bei ya mikoa mingine: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki ni cha mfanyabiashara wa chipsi jijini Mbeya ambaye mwaka 2024 aliamua kuongeza chipsi samaki kwenye biashara yake, akapanga bei kwa kuuliza ndugu zake wa Kyela na mikoa mingine wanauziwa shilingi ngapi. Nilikuwa mwezeshaji wa kikundi cha kuweka na kukopa alichokuwamo, na daftari lake tulilipitia pamoja ukurasa kwa ukurasa. Nitamwita Mama S. Jina, mtaa na mengine yanayoweza kumtambulisha yameondolewa, na yeye mwenyewe ameridhia kisa kiandikwe. Bei zinazotajwa ni za vibanda vilivyoulizwa katika miezi ile, kwa hiyo asizichukue mtu kama bei ya mkoa mzima.

Nimekiandika kwa sababu swali la "huko kwenu sahani shilingi ngapi?" linaulizwa kila siku na wauza chakula wa Nyanda za Juu Kusini, na jibu lake linaamua mitaji ya watu.

Usuli

Mama S. alikuwa na kibanda kinachojulikana upande wa Mwanjelwa. Aliuza chipsi kavu, zege (chipsi mayai), chipsi kuku na mishikaki, akisaidiwa na vijana wawili. Viazi alinunua Uyole, vinaposhushwa kutoka milima ya Uporoto na Umalila, na alivijua vizuri. Akikata kiazi kimoja katikati na kukisugua nusu kwa nusu, aliweza kukuambia kama kitatoa chipsi kavu au kitakunywa mafuta. Kiazi chenye maji mengi hunywa mafuta mengi, na mafuta ndiyo yanayomla muuza chipsi kimyakimya.

Wateja walikuwa wamemwomba samaki muda mrefu. Mbeya ina watu wengi waliotoka Kyela na Rungwe, watu waliokulia karibu na Ziwa Nyasa, na kwao magege (jamii ya perege) wa kukaanga si anasa. Kulikuwa na sababu ya pili. Mdogo wake wa kiume alikuwa anafungua kibanda Iringa mjini kwa mtaji wa familia, akataka pawe na chakula kitakachowatofautisha na vibanda vingine. Wakakubaliana kwamba samaki ataanzia Mbeya, kisha apelekwe Iringa.

Chini ya mpango huo kulikuwa na imani ambayo hakuna aliyeitamka mwanzoni. Viazi ni vya kwetu. Mbeya, Njombe na Iringa ndizo zinazolisha Dar es Salaam viazi, malori yanapanda na kushuka barabara kuu usiku na mchana, sasa sahani yenye chipsi itatushindaje kuuza rahisi? Imani hii imeenea sana huku, na ndiyo iliyomfanya Mama S. aangalie bei ya wenzake badala ya gharama yake.

Bei zilizokusanywa

Aliwauliza ndugu kwa WhatsApp. Shemeji yake wa Mwanza akajibu 7,000. Mtoto wa shangazi yake, Dar es Salaam, akajibu 12,000. Mama yake mdogo wa Kyela akajibu 6,000. Mdogo wake, aliyekuwa ameshahamia Iringa, akazunguka mitaa ya Miyomboni na Mashine Tatu akarudi na 8,000. Binti wa kaka yao anayesoma Uingereza naye akaandika kwamba huko ni karibu pauni 10, na mdogo wake Mama S. akapiga hesabu papo hapo: zaidi ya shilingi 30,000. "Dada, sisi tunajipunja," akamwandikia.

Mama S. ile bei ya Uingereza aliiweka kando. Zile nne za nyumbani akazijumlisha, akagawa kwa nne, akapata 8,250. Akashusha hadi 8,000 ili ivutie, akaandika ubaoni: Chipsi samaki 8,000.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini wastani, alinijibu jambo la maana. Alisema hakutaka kuwa wa juu kabisa wala wa chini kabisa, kwa sababu wa juu anaitwa mwizi na wa chini anadhaniwa anauza samaki aliyelala. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Hesabu ndiyo haikuweza kuijibu, kwa sababu zile sahani nne zilikuwa vyakula vinne tofauti.

Yaliyotokea

Samaki walitoka mwalo mmoja wa Kyela, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mtu wake wa kule alinunua asubuhi, akawapanga kwenye deli na barafu, akawapandisha kwenye kosta. Ziwa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari na Mbeya ni kama mita 1,700, kwa hiyo sehemu kubwa ya njia ni kupanda, kupitia Tukuyu hadi Uyole. Baridi ya Tukuyu inasaidia, lakini saa za joto la Kyela kabla gari halijaondoka ndizo zinazoharibu samaki. Mzigo wa kilo 20 kwa shilingi 8,000 kilo ulikuwa 160,000. Barafu 6,000, nauli ya mzigo 10,000, mkono wa aliyemnunulia 8,000. Jumla 184,000. Walipofika, wale walioanza kulegea tumbo na kufifia jicho walitolewa, zikabaki kilo 18 zinazouzika. Kilo iliyomgharimu 8,000 mwaloni ilikuwa imefika 10,200 hivi kabatini.

Siku za kwanza zilikuwa nzuri. Samaki waliisha, watu walisifu, na Mama S. alifurahi kuona sura mpya. Wiki ya tatu alianza kuchukua fedha za chipsi kavu kununulia samaki. Hakuona tatizo, maana fedha zote ziliingia kwenye droo moja. Mmoja wa vijana ndiye aliyesema kwamba mauzo yanaongezeka lakini mafuta yanashindikana kununuliwa kwa dumu, yananunuliwa kwa lita.

Tulikaa pale jioni moja tukaangalia kabati linavyouza, na jibu lilikuwa kwenye kioo. Samaki wa ziwani hawafanani. Kwenye deli moja kulikuwa na wa gramu 300 na wa gramu 600, na wote waliandikiwa 8,000. Mteja akifika anainama, anasonta: "Mama, nipe huyo wa nyuma, mwenye mgongo mpana." Anayefuata naye anasonta mkubwa aliyebaki. Saa moja usiku kabati lina samaki wadogo watupu, wamekaangwa tangu mchana, mapezi yamekauka, na mteja anayewaona anasema hao kwa 8,000 hapana. Saa tatu wanauzwa 5,000 ili wasilale.

Tukaandika gharama ya sahani ukiondoa samaki. Viazi gramu 600, ambazo zikimenywa na kukaangwa hutoa chipsi kama gramu 300, shilingi 420. Mafuta 450, yakiwemo yanayomwagwa. Mkaa 300. Kachumbari, ndimu, chumvi na chachandu 350. Kifungashio 150. Ujira na pango, ukivigawa kwa sahani za siku, 900. Jumla 2,570.

Ongeza samaki. Yule wa gramu 400 ni 4,080, sahani nzima 6,650, na ukiuza 8,000 unabaki na 1,350. Huyo ndiye samaki ambaye bei ya ubaoni ilimfaa. Wa gramu 600 ni 6,120, sahani 8,690. Kila aliyesonta mgongo mpana aliondoka na 690 ya Mama S. Wa gramu 300 ni 3,060, sahani 5,630, akiuzwa usiku kwa 5,000 hasara ni 630. Mkubwa alimpa hasara, mdogo akampa hasara, na wa kati hawakutosha kuziba.

Kulinganisha upya

Mama S. alitaka kurudi kwa ndugu zake kuwauliza wao wanapataje faida kwa bei zile. Tukakubaliana aulize, lakini swali libadilike. Badala ya "chipsi samaki bei gani", kila ndugu aombwe kwenda kibandani na kuuliza sahani moja ileile: samaki mzima wa maji baridi (yasiyo ya chumvi) mwenye gramu 400 kabla hajaparuliwa magamba, chipsi za kujaza sahani ya kawaida, na kachumbari. Wenye vibanda wengi wana mizani, au jirani yao anayo.

Majibu ya mara ya pili ndiyo yaliyofungua macho. Yule sato (perege wa Ziwa Victoria) wa Mwanza wa 7,000 alikuwa mdogo. Wa gramu 400 aliuzwa 8,000. Sahani ya Kyela ya 6,000 haikuwa na chipsi kabisa, ilikuwa magege na ndizi za kukaanga, maana Kyela ndizi ziko mlangoni na viazi vinashushwa kutoka milimani. Kwa chipsi ikawa 7,000. Ile ya Iringa ya 8,000 ilikuwa na perege wawili wadogo wa bwawa la Mtera. Alipoulizia mmoja wa gramu 400, mdogo wake Mama S. aliambiwa 9,500, na aliambiwa pia kwamba wa ukubwa huo hapatikani kila siku. Dar es Salaam ile 12,000 ilikuwa changu, samaki wa bahari, mahali penye viti na upepo wa pwani; sato wa gramu 400 aliyetoka Mwanza kwenye barafu, kibanda cha kawaida, alikuwa 11,000.

Mpangilio wote ukabadilika. Iringa, iliyokuwa chini ya wastani, ikapanda juu ya Mbeya. Kyela ikabaki chini, Dar ikabaki juu, lakini pengo lao lilipungua kutoka 6,000 hadi 4,000. Na ukizisoma kwa mpangilio huo unaona kitu kimoja: bei inapanda kadiri samaki anavyokwenda mbali na maji yake. Kyela na Mwanza ziko ziwani. Mbeya iko juu ya mlima wa ziwa lake. Iringa inategemea bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, ambako maji yakipungua kiangazi samaki nao wanapungua. Dar ina bahari yake, lakini sato wake amevuka nchi.

Vipi viazi, ambavyo ndivyo tulivyojivunia? Hapa palikuwa na mtego mwingine. Ndugu wa Dar alisema ananunua viazi 1,100 kwa kilo. Mama S. alikuwa akinunua gunia kwa 84,000, akadhani anapata nafuu ndogo tu. Lakini gunia lake lilikuwa lumbesa, lenye kichwa cha kamba juu. Tulipolipima lilikuwa na kilo 120, yaani 700 kwa kilo. Lumbesa imekatazwa kisheria, na Wakala wa Vipimo huikamata, kwa sababu mkulima ndiye anayeibiwa zile kilo zinazozidi 100. Siandiki hili kumfundisha mtu njia ya kupata viazi rahisi. Naliandika kwa sababu mtu yeyote anayelinganisha bei ya gunia la Uyole na la sokoni Dar bila mizani analinganisha vitu viwili visivyolingana, na sehemu ya nafuu anayoiona imetoka mgongoni mwa mkulima wa Umalila.

Hata hivyo, chukua tofauti hiyo kubwa kama ilivyo, 700 kwa 1,100. Kwenye gramu 600 za sahani moja, Mbeya ni 420 na Dar ni 660. Nafuu yote ya kukaa kwenye mlima wa viazi ni shilingi 240. Samaki mwenye gramu 200 zaidi kabatini alikuwa anaimeza nafuu hiyo mara nane na kitu.

Mama S. alinyamaza kidogo alipoiona hesabu hii. Kisha akasema, "Kumbe mimi nauza samaki, chipsi ni kisindikizo."

Kuhusu ile ya Uingereza

Mdogo wake hakuiacha, na alikuwa na haki ya kujibiwa, kwa sababu vijana wengi huku wanabadilisha pauni kuwa shilingi kisha wanaona nchi nzima inauza kwa bei ya bure.

Kwanza, chakula chenyewe ni kingine. Kule mteja hauziwi samaki mzima. Anapewa mnofu usio na mfupa wala kichwa, mara nyingi wa chewa wa bahari baridi (cod) au hadoki (haddock), umevikwa unga wa maji na kuzamishwa kwenye mafuta. Kwa samaki kama perege, mnofu hauzidi sana theluthi ya uzito wake mzima. Ukitaka kumpa mteja wa Mbeya gramu 150 za mnofu mtupu unahitaji magege wa karibu nusu kilo, na bado mteja atakuuliza kichwa umempelekea nani. Samaki wengi wa vibanda vya Uingereza hutoka bahari za kaskazini, kwenye maji ya Norway, Iceland na Bahari ya Barents. Chakula cha moto cha kubebea kinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, mafuta ya alizeti yalipanda na wakaangaji wa kule wakalia kama wa huku walivyolia. Kwa takwimu za serikali yao, wastani wa sahani ulikuwa chini ya pauni 7 mwaka 2019, ukafika karibu pauni 10 mwaka 2024.

Pili, na hili ndilo nililomsisitizia: tazama inanunuliwa kwa jasho la muda gani. Kuanzia Aprili 2024 kima cha chini cha mshahara Uingereza kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea kilikuwa pauni 11.44 kwa saa. Kwa bei hiyo ya wastani, saa moja ya kazi inatosha sahani na chenji inabaki. Vijana wa Mama S. walilipwa 10,000 kwa siku. Kijana huyo akitaka sahani ya Mama S. ya samaki wa kati kwa 8,500, bei iliyopangwa baadaye, amekula karibu siku nzima ya kazi. Kwa kipimo hicho chipsi samaki ya Mbeya ni ghali kuliko ya London, ghali mno, na ndiyo sababu mteja anainama kwenye kioo kuchagua mgongo mpana. Ana haki. Ametoa siku yake.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kugawa samaki kwa ukubwa kabla hawajakaangwa. Mama S. alinunua mizani ndogo. Samaki wakifika wanapimwa, wanawekwa beseni tatu. Ubaoni zikaandikwa bei tatu: mdogo 6,500, wa kati 8,500, mkubwa 11,000. Kwa gharama zile, mdogo anabakiza 870, wa kati 1,850, mkubwa 2,310. Alisita sana kwenye 11,000. Alihofia mteja atasema Mbeya imekuwa Dar. Nilimshauri asibishane na mteja, amwonyeshe wa kati na mdogo walio pembeni, achague mwenyewe.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutenganisha fedha. Kopo la samaki likawa peke yake, na samaki wanunuliwe kwa fedha ya samaki tu. Kopo likipungua, mzigo unaofuata unapungua. Jambo dogo, lakini bila hili la kwanza lisingeonekana kama linafanya kazi.

Wa tatu ulimgharimu zaidi: karai la pili. Alikuwa anakaangia samaki na chipsi kwenye mafuta yaleyale. Unga wa samaki hushuka chini ya karai, unaungua, mafuta yanakuwa meusi mapema, na chipsi za mteja asiyetaka samaki zinanuka samaki. Kwa karai lake, samaki akachafua mafuta yake mwenyewe, na mafuta ya chipsi yakadumu.

Uamuzi wa nne ulihusu Iringa, na hapa hawakukubaliana. Mdogo wake alitaka samaki wa Kyela wapandishwe basi hadi Iringa, safari nyingine ya zaidi ya kilomita 300, kwa sababu perege wa Mtera walikuwa wadogo. Mama S. alikataa. Alisema kama kutoka Kyela hadi Mbeya anapoteza kilo mbili katika ishirini, kufika Iringa atapoteza ngapi? Kulikuwa pia na wazo la samaki wa mabwawa ya kuchimba, ambayo Iringa na Njombe yapo. Lakini perege anapenda maji ya nyuzi 25 hadi 30, na kwenye maji ya baridi ya nyanda za juu anakua polepole mno, kwa hiyo tatizo la udogo lingebaki palepale. Wakaamua Iringa ianze na Mtera.

Matokeo

Mbeya ilitengemaa. Wateja waliolalamikia 11,000 walikuwepo, na baadhi hawakurudi, lakini beseni la wa kati ndilo lililokuwa linaisha kwanza sasa, na wadogo wakaanza kununuliwa mchana na wanafunzi na makondakta badala ya kusubiri usiku. Kuuza samaki kwa 5,000 saa tatu usiku kulikoma karibu kabisa. Kopo la samaki lilianza kujinunulia mzigo, na mafuta yakarudi kununuliwa kwa dumu.

Iringa haikwenda vizuri. Mdogo wake alinakili bei za ubao wa Mbeya jinsi zilivyo, kwa kuwa ni biashara moja ya familia, ilhali kulinganisha upya kulikuwa kumeshaonyesha kwamba samaki wa gramu 400 Iringa ni wa 9,500. Akawa anauza wa kati kwa 8,500 pale ambapo jirani anauza kwa 9,500, akajaza wateja na kumaliza mtaji. Alipopandisha, wateja aliowazoesha walimkimbia. Mwishowe alibakiza samaki Ijumaa hadi Jumapili, siku ambazo wenye kazi wanatoka na familia, na siku nyingine akauza chipsi kavu na mayai kwa wanafunzi wa vyuo, ambao Iringa ni wengi na ndio waliokuwa wateja wake wa kweli tangu awali.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kuiweka sahani sawa kabla ya kuuliza bei yake. Ilichukua siku chache, haikuhitaji fedha, na ilipindua picha nzima. Natamani wauza chakula wengi wafanye hivi, kwa sababu bei ya mbali ina nguvu ya ajabu kichwani mwa mtu. Inakuja na sura ya ndugu unayemwamini, nawe huiulizi maswali ambayo ungemuuliza dalali wa Uyole.

Kilichofanya kazi zaidi ni kumwondolea mteja jukumu la kupanga faida. Muda wote bei ilipokuwa moja na samaki hawafanani, aliyekuwa anaamua Mama S. apate nini ni mteja anayesonta kioo, na kila mteja mwenye akili alisonta pale pale.

Kilichoshindwa Iringa kinafundisha upande wa pili wa jambo hilohilo. Mdogo mtu aliona bei za sahani zikilinganishwa mikoa minne, akakubali kwamba hazifanani, kisha akahamisha ubao wa Mbeya kwenda Iringa. Kilichotakiwa kuhamishwa ni njia ya kuhesabu: kilo inafika kabatini kwa shilingi ngapi baada ya kutoa waliolegea, sahani bila samaki ni shilingi ngapi, ndipo uandike bei. Ubao unaandikwa mwishoni. Na udugu ulichangia. Mama S. aliniambia hakutaka kumuuliza mdogo wake hesabu za kila siku, asionekane hamwamini. Kwenye familia zetu hili ni gumu, lakini mtaji ulikuwa wa wote, na daftari la Iringa lilifunguliwa mbele ya wote wakati kopo limeshakauka.

Kuna gharama ambayo hakuna ndugu wa Mwanza wala Dar angeweza kuwatajia, kwa sababu kwao haipo. Juni na Julai, baridi ya Mbeya ikishika, viazi vilivyolala kwenye stoo yenye ubaridi hugeuza wanga kuwa sukari, na vikiingia kwenye mafuta vinakuwa kahawia nje kabla ndani havijaiva. Mteja anadhani mafuta ni ya jana. Mama S. alikuwa akizitupa chipsi hizo. Sasa magunia ya msimu huo anayahamishia chumba cha jiko, yakae kwenye joto wiki mbili tatu kabla ya kuyamenya, na rangi inarudi.

Lililobaki mezani

Miezi ya katikati ya mwaka ndiyo pia ya mwera, upepo wa kusini mashariki unaochafua Ziwa Nyasa hadi mitumbwi mingi inabaki mchangani. Mwaka 2024 ilitokea kwamba Ziwa Tanganyika nalo lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa hiyo migebuka iliyozoeleka kufika Mbeya kwa njia ya Sumbawanga ikaadimika, na wachuuzi wote wakakimbilia Kyela. Kilo mwaloni ikapanda.

Mdogo wake alishauri bei zote tatu zipande kwa pamoja. Mama S. alifanya tofauti. Alifuta mstari wa samaki mkubwa, akaacha mdogo na wa kati, akapandisha wa kati kwa 500 na mdogo asimguse, akiwaambia wateja wazi kwamba ziwa limechafuka. Faida ya kila sahani ikapungua, na kuna siku beseni la wadogo lilirudisha gharama tu. Mimi nilikuwa upande wake. Mteja wa 6,500 ni kondakta aliyefanya kazi tangu alfajiri, na ukimpoteza Julai hutampata Septemba samaki wakirudi. Mdogo mtu hadi leo anaona dada yake aliacha fedha mezani, na daftari la msimu ule linaweza kusomwa kwa namna zote mbili.